Kufuta Nakala Moja Tu

Fundi wa tovuti anayeijua kazi yake hutambulika kwa vitu anavyoviacha bila kuvigusa. Mteja akipiga simu kwamba bei mpya hazionekani, wengi wanalo jibu moja: futa kila kitu, zima, washa, jaribu tena. Mara nyingine jibu hilo linasaidia, na ndiyo maana limeenea. Lakini wapo mafundi, nao ni wachache, ambao kwanza huuliza maswali mawili matatu, husoma mistari ambayo mteja hajui hata kama ipo, kisha huondoa nakala moja iliyopitwa na wakati kati ya maelfu, nyingine zote zikabaki mahali pake. Nimewahi kukaa pembeni ya watu wa aina hiyo nikiwatazama. Kazi yao haionekani, kwa sababu ikifanywa vizuri hakuna kinachoharibika. Nataka kuisifu taratibu, hatua kwa hatua, kama wao wanavyoifanya.

Tuanze na nakala zenyewe. Ukifungua ukurasa wa hoteli, simu yako haipokei kitu kimoja. Inapokea maandishi, nembo, picha za vyumba, aina za herufi, na faili la mitindo linalopanga rangi na nafasi. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuacha nakala yake njiani: kwenye seva kilikotoka, kwenye seva za kampuni zinazosambaza tovuti duniani ili mgeni ahudumiwe kutoka karibu, na kwenye kivinjari cha simu yako. Nakala hizo ndizo kache. Simu iliyowekwa kwa Kiswahili huziita akiba. Kesho ukirudi kwenye ukurasa uleule, picha ya nusu megabaiti haivutwi tena, na bando lako halipungui kwa kitu ulichokwisha kulipia jana.

Huku kwetu jambo hili halikuwa anasa. Kabla ya 2009 sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki ilipita angani. Ombi lilipanda hadi setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, likashuka upande wa pili, na jibu likarudi kwa njia hiyohiyo. Hata nuru, ambayo hakuna kinachoishinda kwa mwendo, huhitaji karibu nusu sekunde kumaliza safari hiyo, na ukurasa mmoja unaweza kuwa na makumi ya maombi. Vyuo na vibanda vya intaneti vyenye fundi makini viliweka Squid, programu huria iliyoanza 1996, ikawa inashika nakala ya kilichopita ili mtu wa pili asikipandishe tena angani. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika 2009, EASSy ikafuata 2010, na wengi wakaacha kabisa kuifikiria kache. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika kwa wakati mmoja na intaneti ya Tanzania na majirani ikadorora, ikawa wazi tena kwa nini nakala iliyo karibu ina thamani.

Kwa hiyo anayefuta kache ovyo anatupa kitu chenye faida. Na hata hivyo lazima kuna siku ifutwe, kwa sababu nakala haina namna ya kujua kwamba asili yake imebadilika. Hilo lilionekana mapema. Mwaka 1994, Ari Luotonen wa CERN na Kevin Altis wa Intel walipoeleza seva za kati zinazohifadhi nakala za kurasa, swali la nakala kudumu muda gani lilikuwa tayari mezani. HTTP/1.1, toleo la kanuni za mazungumzo kati ya kivinjari na seva lililochapishwa Januari 1997, likaleta lugha pana zaidi ya kulijibu, na kanuni hizo zimeandikwa upya mara kadhaa hadi zile za leo, RFC 9111 ya Juni 2022, zilizohaririwa na Roy Fielding, Mark Nottingham na Julian Reschke. Ni maandishi makavu, hayana hata sentensi moja ya kujipamba, lakini kila fundi hodari niliyemfahamu ameyasoma, na inaonekana katika namna anavyofikiri.

Msingi wake ni ahadi. Kila faili linapotoka kwenye seva hubeba vichwa vya maelezo ambavyo msomaji havioni. Kimojawapo, Cache-Control, husema faili hilo lihesabiwe halali kwa sekunde ngapi; max-age=3600 ni saa moja. Ndani ya saa hiyo kivinjari hakiulizi mtu, kinatumia nakala yake. Saa ikipita hakiitupi nakala, bali kinauliza. Kila toleo la faili linaweza kupewa alama yake, inayoitwa ETag, na kivinjari hupeleka alama hiyo kwa seva kikitaka kujua kama bado ndiyo. Ikiwa ndiyo, seva hujibu kwa namba 304 bila kutuma faili lenyewe: mistari michache tu badala ya picha nzima. Napenda sana adabu ya mazungumzo hayo mafupi. Upande mmoja unasema nilichonacho, upande mwingine unasema endelea nacho, na hakuna aliyebebeshwa mzigo wa bure.

Wasiosoma kanuni hujikwaa palepale. Amri ya no-cache, ambayo wengi hudhani inakataza kuhifadhi, inaruhusu kuhifadhi mradi kila mara uulize kwanza. Inayokataza ni no-store. Na seva isiposema lolote, kivinjari kinaruhusiwa kukisia, na kadirio lililozoeleka ni asilimia 10 ya muda uliopita tangu faili libadilishwe mara ya mwisho. Ukurasa uliokaa siku 200 bila kuguswa unaweza kuhesabiwa halali kwa siku 20 zijazo. Ndiyo maana tovuti iliyotelekezwa muda mrefu, siku ikiguswa, huwa kaidi kuliko zote.

Dada mmoja ninayemfahamu huhudumia tovuti za shule na hoteli ndogo kutoka chumba kimoja Kijitonyama. Nilikuwa pale asubuhi mama mwenye hoteli Bagamoyo alipopiga simu. Bei za vyumba zilikuwa zimebadilishwa saa mbili na nusu. Mpokea wageni alikuwa anaziona mpya. Mwenye mali mwenyewe alikuwa anaona za zamani, na wateja walikuwa wameanza kubishana naye.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mbona mimi naona bei ya mwaka jana na ninyi mnasema mmeshabadilisha?”

“Pole mama, tunaliangalia sasa hivi. Naomba unitumie skrinshoti ya hapo ulipo. Halafu huyo binti wa mapokezi, ndiye aliyeziandika bei mpya?”

“Ndiye yeye.”

Swali hilo la mwisho lilinifurahisha kuliko chochote kilichofuata. Tovuti ile inaendeshwa kwa WordPress, na mtu aliyeingia humo kwa nywila yake kwa kawaida hapewi nakala. Hutengenezewa ukurasa papo hapo. Binti wa mapokezi alikuwa bado hajatoka. Alichokuwa anakiona yeye kilikuwa kweli, ila hakikuwa ushahidi wa wanachokiona wageni. Fundi asiyejua angeshika neno la binti, akaamua kwamba seva ni nzima na simu ya mama ndiyo mbovu, akamtuma mama kwenye mipangilio ya simu akafute vitu asivyovielewa.

Yeye alifungua dirisha la faragha, ambalo huanza bila nakala yoyote ya zamani. Bei za mwaka jana zikatokea. Basi simu ya mama haikuwa na kosa, na hapo akaacha kabisa kuifikiria. Akarudi kwenye anwani ileile, akaongeza alama ya kuuliza na herufi chache zisizo na maana mwishoni, akabofya. Bei mpya zikatokea. Kwa mashine nyingi za kati anwani yenye nyongeza hiyo ni anwani nyingine, ambayo hazina nakala yake, kwa hiyo ombi linaenda hadi kwenye asili. Asili ilikuwa sahihi. Kati ya asili na msomaji palikuwa na kitu kinachosema uongo bila kukusudia.

Kisha akafungua dirisha jeusi la amri, akaandika curl -I na anwani ya ukurasa wa mwanzo. Hiyo huomba vichwa peke yake, bila ukurasa. Ikashuka mistari kama kumi na mitano. Aliipita mingi kwa jicho na kusimama kwenye miwili: max-age=14400, na chini yake Age: 5400. Mstari wa kwanza ni ahadi ya saa nne. Wa pili ni umri, kwa sekunde, wa nakala iliyoko kwa msambazaji, yaani kampuni inayoisambaza tovuti. Saa moja na nusu. Akatazama saa ukutani, ilikuwa saa nne na nusu.

“Imechukuliwa saa tatu,” akasema.

Nikadhani basi amemaliza, tumepata nakala iliyochakaa, ifutwe. Lakini bei zilibadilishwa saa mbili na nusu. Msambazaji alikuja kuchota nusu saa baadaye, na bado akapewa za zamani. Aliyempa ndiye mwenye tatizo. Nyuma ya msambazaji, ndani ya seva yenyewe, palikuwa na programu-jalizi ya WordPress inayotengeneza kila ukurasa mara moja na kuuweka tayari, ili seva ndogo isihangaike upya kwa kila mgeni. Binti alipohifadhi bei, programu hiyo ilifuta kwa uaminifu nakala ya ukurasa wa bei. Haikujua kwamba bei hizohizo zinaonekana pia kwenye jedwali dogo katika ukurasa wa mwanzo, na huo ndio mama aliokuwa anautazama.

Hapa ndipo mpangilio unapokuwa ufundi. Nyumba yenye simtanki juu ya paa, pipa bafuni na mtungi jikoni, maji yakiingia uchafu huanzi kwa kumwaga mtungi. Ukiujaza tena utajaza uchafu uleule. Unaanza juu. Angemwambia mama afute akiba ya simu, simu ingechota upya kutoka kwa msambazaji na kuleta bei za mwaka jana. Angefuta kwa msambazaji peke yake, msambazaji angechota upya kutoka kwenye programu-jalizi na kuzipa bei zilezile saa nne nyingine za maisha. Mtu anayefuta kwa mpangilio mbaya anaweza kufuta siku nzima na asione mabadiliko, kisha akaapa kwamba kompyuta zina mashetani.

Alifuta kwanza nakala ya ukurasa wa mwanzo ndani ya programu-jalizi, ukurasa huo peke yake. Akaenda kwa msambazaji, akaandika anwani hiyo moja kwenye kisanduku cha kufuta kwa anwani. Juu ya kisanduku hicho palikuwa na kitufe kikubwa cha kufuta vyote, nacho kinavutia mkono. Hakukigusa. Tovuti ile ina picha nyingi nzito za ufuo na vyumba, na seva yake ni ya bei nafuu, inagawana nguvu na tovuti nyingine. Kufuta vyote katikati ya asubuhi maana yake kila mgeni anayefungua ukurasa dakika ile atashuka hadi kwenye seva hiyo kuchota kila picha upya, wote kwa pamoja, na pengine isimame. Picha hazikuwa zimebadilika. Kwa nini ziteseke?

Ndipo akampigia mama. “Naomba uuvute ukurasa chini kwa kidole mara moja, halafu uachie.” Hakumtuma kwenye mipangilio, na alinieleza sababu baadaye. Kuupakia upya kwa njia hiyo hufanya kivinjari kikaulize habari za ukurasa wenyewe hata kama ahadi yake haijaisha. Kwa mama hilo lilitosha. Kwenye mipangilio ya simu nyingi za Android, Futa akiba na Futa data hukaa jirani. Cha kwanza hakina madhara makubwa. Cha pili humtoa mtu kwenye kila akaunti aliyoingia kupitia kivinjari hicho, na kumrudisha mwenye simu kwenye nywila alizosahau. Amewaona watu waliopoteza nusu siku hapo.

Bei mpya zikatokea Bagamoyo. Kwa mteja kazi iliishia hapo. Kwa fundi kulikuwa na jambo lililobaki, na ndilo linalonifanya niihesabu kazi hii kuwa ya fikra zaidi kuliko ya vitufe. Kati ya saa mbili na nusu na saa nne na nusu kuna wageni waliofungua ukurasa ule na kuondoka na nakala ya zamani katika simu zao, pamoja na kibali cha kuitumia hadi muda wake uishe. Hakuna kitufe popote kinachoweza kuifikia. Seva haiingii mfukoni mwa mtu kunyang'anya ilichompa. Ahadi ya saa nne ikishatolewa imetolewa. Unachoweza kubadilisha ni ahadi ya mgeni anayefuata.

Akaibadilisha. Kwa kurasa zenyewe akaagiza vivinjari viulize kila mara kabla ya kutumia nakala, na akampa msambazaji peke yake muda mrefu, kwa kichwa kinachotofautisha hao wawili. Sababu yake ni nyepesi ukishaiona: msambazaji anaweza kuamriwa kufuta, mgeni hawezi. Mpe muda mrefu yule unayeweza kumrudia.

Vipi kuhusu faili la mitindo na nembo, ambavyo tunataka vikae kwenye simu kwa miezi ili kuokoa bando? Hapa kuna mbinu ambayo siichoki. Faili halipewi jina la kudumu. Programu hulisoma lote, hukokotoa alama fupi kutokana na yaliyomo, na kuitia alama hiyo ndani ya jina, kwa mfano style.3f9a1c.css. Ukibadilisha hata nukta moja, alama inabadilika, na jina nalo. Basi faili lenye jina hilo halitabadilika kamwe, na unaweza kuliahidi sekunde 31,536,000, yaani mwaka mzima, tena ukaongeza neno immutable, lililowekwa rasmi 2017, linalokiambia kivinjari kisijisumbue kuuliza hata mtu akipakia upya. Phil Karlton, aliyefanya kazi Netscape, hutajwa kuwa ndiye aliyesema kwamba magumu katika kompyuta ni mawili tu, kujua lini nakala ifutwe na kuvipa vitu majina. Mbinu hii inalikabidhi gumu la kwanza kwa la pili. Hakuna kinachofutwa. Ukurasa mpya unataja jina jipya, kivinjari hakina nakala ya jina hilo, kinaichukua. Ya zamani inabaki pale kimya hadi nafasi ihitajike.

Lakini hata hapo mkono wa fundi unaonekana. Mafaili yenye majina mapya hupandishwa kwanza, ukurasa unaoyataja hupandishwa mwisho. Ukigeuza, kwa sekunde chache kuna wageni watakaopewa ukurasa unaoita faili ambalo halijafika, nao wataona maandishi yaliyotapakaa bila mpangilio. Mabaya zaidi, msambazaji anaweza kuhifadhi jibu la kwamba faili halipo. Na mafaili ya zamani hayaondolewi siku ileile, kwa sababu mahali fulani, Musoma au Muscat, kuna mtu aliyeacha ukurasa wa jana wazi kwenye simu yake, na ukurasa huo bado unaita majina ya jana. Dada yule huyaacha wiki kadhaa. Hakuna mteja aliyewahi kumwomba afanye hivyo wala atakayemlipa kwa hilo.

Wiki hiyohiyo mama alibadilisha pia picha ya chumba cha mbele, na akalalamika kwamba kiungo alichotuma kwenye kundi la WhatsApp kinatokea na picha ya zamani. Hiyo ni kache ya namna nyingine. Facebook huhifadhi muhtasari wa kiungo kwenye seva zake, na ina ukurasa wa watengenezaji wa tovuti ambapo unaweza kuiagiza iende ikausome upya. WhatsApp huutengeneza kwenye simu ya mtumaji na kuusafirisha pamoja na ujumbe, kwa hiyo ujumbe uliokwisha kwenda hauwezi kusahihishwa na fundi yeyote. Akaipa picha mpya jina jipya, akaongeza herufi chache mwishoni mwa kiungo, akampelekea mama autume upya. Chumba kikatokea na chandarua kipya na pazia la buluu, na mtu kundini akauliza kama bei inajumuisha kifungua kinywa. Bei ya kifungua kinywa ilikuwa kwenye ukurasa wa chakula, nayo ilitajwa pia kwenye ukurasa wa harusi. Dada akaandika anwani zote mbili kwenye daftari lake.